Mhadhara Mkuu Kuhusu Jiji la Kimataifa, Kama Ulivyotolewa na Bingwa Mwenyewe

Mgeni rasmi, ambaye nimeambiwa yuko njiani tangu asubuhi, waheshimiwa wenyeviti wa serikali za mitaa, watendaji wa kata, ndugu zangu madalali wa viwanja, vyumba na fremu, vijana wa mipango miji mliokuja kufuata cheti, akina mama wa jikoni, ambao nitawaomba mpunguze kelele za masufuria kwa sababu jambo ninalolileta ni zito, itifaki imezingatiwa.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa ni mshauri elekezi. Namsamehe, ni kijana. Mshauri ni mtu anayengoja aulizwe. Mimi sijawahi kuulizwa na mtu, na bado nimehutubia juu ya majiji katika semina, vikao vya harusi na msiba mmoja wa Kibaha, ambako wafiwa wenyewe walikiri kwamba hawajawahi kusikia kitu kama kile. Ubingwa wangu sikuupata darasani. Niliupata pale majiji yenyewe yanapokutana, yaani uwanja wa ndege wa Doha, nilikolala kitini usiku kucha nikingoja ndege ya kuunganisha. Usiku ule niliiona Tokyo ikipita na begi la magurudumu. Niliiona Frankfurt ikigombana na mumewe. São Paulo ilikalia koti langu. Mtu ambaye koti lake limekaliwa na São Paulo haulizwi cheti.

Wapo waliojaribu fani hii kabla yangu, na mimi si mchoyo wa kuwataja. Mskoti Patrick Geddes aliandika kuhusu miji ya dunia mwaka 1915. Mwingereza Peter Hall akaitolea kitabu kizima mwaka 1966. John Friedmann akaja na nadharia yake mwaka 1986. Halafu mwaka 1991 akatokea mama mmoja, Saskia Sassen, na kitabu juu ya New York, London na Tokyo, na tangu hapo kila mwenye projekta anamtaja. Anasema, kwa ufupi wangu, hivi: biashara ilipotawanyika duniani, kiwanda huku, bandari kule, benki kwingine, ikahitaji mahali pachache pa kuiongozea. Wanapokaa hao waongozaji, pamoja na mawakili wao, wahasibu wao, watu wa bima na watu wa matangazo, hapo ndipo jiji la kimataifa. Mpaka hapo nakubaliana naye, na nadhani angefarijika kulijua hilo. Kosa lake ni kwamba hakuishia hapo. Akaanza kuwaandika wafagiaji wa ofisi, walinzi wa usiku, wapishi, wahamiaji wanaoshona nguo kwa malipo kiduchu, akidai kwamba nao ni sehemu ya mtambo uleule. Kwamba kadiri wakubwa wanavyorundikana mahali pamoja, ndivyo wanavyohitaji rundo jingine la watu wa kuwapikia, kuwafulia na kuwazolea taka, na kwamba marundo hayo mawili hukua pamoja huku mishahara yao ikiachana. Kurasa hizo nadhani ziliingizwa na mchapaji kwa makosa. Katika nakala yangu nimezibana kwa klipu, zisije zikawachanganya vijana.

Wapo pia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wanaoyapanga majiji kwa herufi za Kigiriki: alfa, beta, gama. Wanatazama kampuni za uhasibu, sheria, matangazo, benki na ushauri zimefungua ofisi wapi, na ofisi hizo zimefungamana vipi. London na New York zimewekwa juu kabisa, alfa yenye alama mbili za kujumlisha. Nairobi iko juu yetu. Hilo sitaki kulizungumza sana. Nairobi wana Gigiri, wana makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na lile la Makazi, na tangu 2022 wana barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, ambako mwenye nacho anapita hewani akiitazama matatu imekwama chini. Hiyo ndiyo kazi! Jiji la kimataifa sharti liwe na watu wa juu na watu wa chini, na bajeti ikiruhusu, nguzo za zege katikati yao. (Makofi, safu ya mbele tu.)

Baada ya kuwapitia wote hao niliketi nikatunga vigezo vyangu mwenyewe. Ni saba.

Kigezo cha kwanza ni vioo. Dubai ina mnara wa mita 828, Burj Khalifa, uliofunguliwa mwaka 2010. Sisi hatujafika huko, lakini simama Kivukoni utazame nyuma yako: jengo la Bandari, minara pacha ya mfuko wa pensheni, vioo juu ya vioo. Wakoloni na wazee wetu walijenga kishamba mno mitaa ile ya Posta. Baraza pana, dari refu, madirisha ya mbao yenye mianya, upepo wa bahari ukiingia mlango huu na kutokea ule bila kumlipa mtu yeyote. Uchumi gani huo? Jengo la kioo linakusanya jua lote la saa saba mchana, halafu linanunua umeme wa kulitoa nje. Umeme ukikatika linanunua dizeli. Hapo tayari umeajiri fundi kiyoyozi, muuza jenereta, mwagizaji wa dizeli na daktari wa mafua. Upepo wa bahari umewahi kumwajiri nani?

Kigezo cha pili: jiji lijue liko wapi. Hapa, ndugu zangu, tumewashinda London, tumewashinda Tokyo. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji. Fuateni mantiki yake polepole. Masaki, yenye balozi, shule za kimataifa na mikahawa ambayo kikombe kimoja cha kahawa ni posho ya dada wa kazi ya siku nzima, iko Kinondoni. Basi Masaki, kwa karatasi, ni manispaa. Sinza hii tuliyomo ni Ubungo, manispaa. Lakini Msongola na Chanika, ambako mihogo inastawi vizuri na jogoo anawika bila kuomba kibali, ziko Ilala, na kwa hiyo ni Jiji kamili. Kuku wa Msongola ni kuku wa Jiji. Balozi wa Masaki ni mtu wa manispaa. Nilimweleza jambo hili Mzungu mmoja kwenye hafla, akaomba maji ya kunywa.

Kigezo cha tatu kinahusu maji ya bomba. Kwa ufinyu wa muda nitakiruka.

Cha nne ni foleni, na hapa naomba simu ziwekwe kimya. Majiji makubwa yote yana hofu ya foleni. Singapore walianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975. London wakafuata mwaka 2003, pauni 5 kwa siku, na bei imekuwa ikipanda tangu hapo. New York wamejikongoja mpaka Januari 2025, dola 9. Mimi nasema wamepotoka. Foleni ni ushahidi kwamba kuna watu wenye magari na wana mahali pa kwenda. Mji usio na foleni ni kijiji kilichopakwa lami. Kwetu tulileta mwendokasi mwaka 2016, Kimara mpaka Kivukoni, kilomita kama 21, na barabara yake peke yake katikati. Mwaka 2018 tukapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, tuzo ya dunia nzima hiyo. Mimi mwendokasi sijaupanda, kwa heshima ya cheo changu. Lakini nimekuwa nikiwatazama wanaoupanda, kwa huruma kabisa, nikiwa ndani ya gari langu lenye kiyoyozi hapo Manzese: basi linanipita, wamebanana wamesimama, nyuso zimegandamana viooni. Linapita la pili. Linapita la tatu. Mimi bado nipo nawahurumia.

Tukajenga pia barabara za juu, Tazara mwaka 2018, Ubungo mwaka 2021. Zamani foleni ya Ubungo ilikuwa Ubungo. Sasa imepewa daraja, inavuka kwa heshima zote, inakwenda kukaa mbele kidogo. Huo ndio usafirishaji.

Cha tano: mafuriko. Watu wa mazingira wanaona mafuriko ni aibu. Mimi nayaona ni uanachama. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilinyeshewa mvua ambayo hawakuwahi kuipima tangu waanze kuweka kumbukumbu miaka 75 nyuma. Njia za ndege zikageuka ziwa, magari ya kifahari yakaelea kama ngalawa. Nikasema: karibuni. Maana wao wamefurika kwa bahati mbaya, sisi tulipanga. Bonde la Msimbazi linajulikana tangu enzi na enzi kwamba ni njia ya maji, jina la Jangwani lisikudanganye, na ni bondeni humohumo tulikoweka karakana ya mabasi ya mwendokasi. Mvua za masika zikija, barabara inafungwa, Magomeni inabaki ng'ambo ya huku, Fire ng'ambo ya kule, na mabasi yanaonja maji. Sasa daraja refu linajengwa pale. Nalipinga. Likikamilika tutabaki na nini cha kuwaonyesha wafadhili?

Naona mzee wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja vioo. Mzee wangu, shikamoo. Sema tu, bila kipaza sauti, sauti yako inafika.

Kilwa. Nilijua. Hakuna mhadhara nilioutoa pwani hii pasipo mzee mmoja kuniletea Kilwa.

Sikatai, mzee. Ni kweli Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri. Ni kweli dhahabu ya Sofala ilipitia pale, na kaure za China zililiwa wali pale. Ni kweli sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alijenga Husuni Kubwa juu ya mwamba, kasri lenye birika la kuogea la pembe nane. Sarafu yenye jina lake imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu za Kilwa zikaokotwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, Mungu ndiye ajuaye. Yote nakupa. Lakini nakuuliza, mzee, Kilwa ilikuwa na kampuni hata moja ya uhasibu? Ilikuwa na kadhi. Kadhi si wakili wa mashirika. Huyo sultani wenu mwenyewe, Ibn Battuta anasimulia, fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa, akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mkaguzi wa hesabu angemwandikia nini mtu huyo? Na mji wenyewe haukujua kukaa na wageni. Mwaka 1505 alifika Francisco de Almeida na merikebu za Kireno, wakashuka wakaupora. Vijana, andikeni hapo: changamoto ya kwanza ya jiji la kimataifa ni mwekezaji anayekuja na mzinga. Siku hizi anakuja na mkataba, na hayo ni maendeleo makubwa, kwa sababu mzinga haukuwa na kurasa za viambatisho.

Hajaketi. Unguja? Haya, Unguja. Marekani ilifungua ubalozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, Waingereza wakaja na wao mwaka 1841. Mwaka 1840 Sayyid Said aliituma merikebu yake Sultana mpaka New York, chini ya Ahmad bin Naaman, na karafuu, tende, kahawa na pembe za ndovu. Wenyeji wakamiminika gatini kumtazama mtu wa kilemba. Nguo zilizofumwa Massachusetts zikivaliwa Tabora na Ujiji, zikiitwa merikani, na pembe za Manyema zikageuzwa vibao vya piano huko Marekani. Sawa, ni jiji la kimataifa, nimelikubali, na lilikuwa na ghorofa. Lakini mzee anaendelea. Anasema karafuu zile zilichumwa na nani? Anasema pembe zile zilibebwa na mabega ya nani kutoka bara mpaka Bagamoyo, na kwamba soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Mzee, hiyo ni mada nyingine. Hiyo ni zile kurasa za Sassen, na nimeshasema nimezibana.

Jamani, anazo bado. Mpeni maji. Anasema Dar es Salaam hii ilikuwa jiji la kimataifa mimi nikiwa sijazaliwa. Ngoja niyarudie maneno yake ili wote mpate kuona jinsi mtu asiye na nadharia anavyoteleza.

Anasema mwaka 1962 FRELIMO iliundwa hapa. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikawekwa hapa, na ofisi za wapigania uhuru wa kusini zikajaa mjini, Msumbiji, Afrika Kusini, Angola, Zimbabwe, Namibia, jirani kwa jirani. Malcolm X alipita mwaka 1964. Che Guevara, baada ya kushindwa Kongo, alijificha kwenye ubalozi wa Kuba hapahapa mjini, akiandika. Walter Rodney akifundisha Mlimani alitoa mwaka 1972 kitabu cha namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na nusu ya kitabu hicho, mzee anadai, kilizungumzwa kwanza barazani kabla hakijaandikwa. Mwaka 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika likafanyika hapa. Wachina wakajenga reli ya Tazara, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ili Zambia isiende kupiga magoti kwa makaburu. Anasema jioni, kwenye baraza la New Africa Hotel, meza moja walikaa wapanga mapinduzi na meza ya pili wakakaa majasusi wa kuwasikiliza, na mhudumu aliwajua wote kwa bia wanazokunywa. Anasema bomu lililomuua Eduardo Mondlane mwaka 1969 lililipukia hapa, ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta, na mji mzima ulilia kana kwamba ameuawa mtu wa Kariakoo. Na wakati huo wote, kwa sensa ya 1967, wakazi wa mji hawakufika laki tatu, na jengo refu lilikuwa lile ambalo ukiwa juu yake bado unamtambua aliye chini kwa uso.

Mnaona? Maneno matamu, vigezo hakuna. Watu wale walikuja na viza gani ya uwekezaji? Walileta mtaji gani? Wengine walikuja na shati moja. Walikuja kwa sababu hapa walipewa mahali pa kulala na hakuna aliyewauliza watakaa mpaka lini. Huo si ukimataifa. Huo ni ukarimu, na ukarimu hauna safu yake kwenye jedwali la Loughborough. Mzee, asante, keti sasa. (Makofi marefu, ambayo naomba katibu aandike kuwa yalikuwa yangu.)

Nilifika wapi? Kigezo cha sita kinafanana na cha pili. Cha saba ni siri ya kitaaluma na kinapatikana kwenye kozi ya kulipia.

Sasa nije kwenye changamoto zenyewe, nizitaje kwa ujasiri ambao wenzangu serikalini hawana. Changamoto kubwa ya jiji la kimataifa ni wananchi. Sensa ya 2022 imewahesabu 5,383,728 katika mkoa huu. Nani aliwaita? Zaidi ya nusu yao wanaishi kwenye makazi ambayo hayakupimwa. Walijenga kwanza, wakazaa, wakafungua saluni, ndipo mpimaji akatokea na tepu yake akakuta hata pa kusimama hakuna. Wenzetu wamekwishapata dawa. Katikati ya London kuna nyumba zimenunuliwa na matajiri wa mbali, hazilali mtu, taa haziwashwi, hakuna anayelalamikia taka. Mtaa msafi, tulivu, wa thamani, na muuguzi anayefanya kazi hospitali ya jirani anaamka alfajiri kupanda treni kutoka kunakopangika. Sisi bado tupo kwenye hatua ya kodi ya miezi sita mbele na mwezi mmoja wa dalali. Ndugu zangu madalali, nawaona mnatabasamu. Ninyi ni wazalendo.

Tulikaribia kufaulu na Kigamboni. Mnakumbuka michoro ya Mji Mpya? Minara, mifereji, miti iliyopangwa kwa rula, watu wachache weupe-weupe wakitembea na vimbwa. Wenye viwanja wakaambiwa wasiendeleze chochote, wasubiri. Wakasubiri miaka. Nyumba zikapasuka, ukarabati ukawa kosa. Mji haukuja, lakini michoro ninayo, nimeiweka sebuleni kwangu kwenye fremu, na kila mgeni anaipenda.

Halafu machinga. Desemba 2018 waligawiwa vitambulisho, shilingi 20,000 kila kimoja, wakawa rasmi. Mwishoni mwa 2021 vibanda vyao vikabomolewa, wakawa si rasmi. Wakahamishiwa pembeni ambako mteja hapiti, wakarudi anakopita. Mimi nilipendekeza kwa maandishi kwamba ahamishwe mteja, sikujibiwa. Tazameni Kariakoo: mtu mwenye suti anataka kuvuka Mtaa wa Kongo, anakutana na soksi, chaja, sufuria, mikanda, guta linarudi kinyumenyume, kuli ana marobota matatu kichwani anapiga mluzi. Hebu niambieni ni mwekezaji gani atakayeuona mji huu akatamani…

Mama, samahani, maswali ni mwishoni. Huyu ni nani? Ndiye mdhamini wa vitambulisho hivi vya shingoni? Na fulana? Na spika? Basi mpeni kipaza sauti, mwacheni aseme, jamani, mdhamini ni mdhamini.

Narudia kwa faida ya walio nyuma. Mama anasema ana fremu Mtaa wa Kongo. Anasema amekwenda Guangzhou na Yiwu mara nyingi mpaka ameacha kupiga picha. Kule ana chumba cha kufikia, ana dada wa Kichina wa kumkagulia mzigo, wanaitana dada kwa Kiswahili. Anasema asubuhi kabla hajajua bei ya nyanya amekwishajua bei ya yuan. Wateja wake wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Bujumbura na Moroni. Wa Lubumbashi wanalipa dola na kugombana kwa Kiswahili chao, wa Comoro wanataka kila kitu kifungwe upya kwa sababu ya boti. Wengine hawajaonana naye miaka miwili, wanaagiza kwa picha za simu, na hajawahi kudhulumiwa ila na ndugu yake wa damu.

Mama, swali dogo la kitaaluma: ofisi yako iko ghorofa ya ngapi?

Chini. Mmesikia wenyewe. Chini!

Anaendelea. Anasema hao machinga ninaotaka waondoke ndio mikono yake: kontena likifika asubuhi, jioni vitu vyake vimefika Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto kwa miguu yao, yeye hajalipa hata lita ya mafuta. Kuli ndiye ghala lake. Mama lishe ndiye anayemkopesha kuli mpaka jioni. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa ajili ya kodi, Waziri Mkuu mwenyewe alishuka Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mama anauliza: hiyo minara ya vioo ikifungwa siku tatu, nani atajua?

Swali zuri sana. Litajibiwa kwa maandishi.

Anauliza pia wahasibu na mawakili wa kimataifa ninaowangoja waje wafungue ofisi watakuja kuhesabu nini, kama si hesabu za watu wa aina yake. Hilo nalo kwa maandishi. Mzee wa Kilwa, usimpigie makofi mtu ambaye si mtoa mada.

Tufunge hapa, maana wenye ukumbi wana kitchen party saa kumi na wanataka kupanga viti. Vyeti vinatolewa mlangoni, lipa namba imebandikwa ukutani. Anayetaka neno «kimataifa» lionekane kwenye cheti chake anaongeza elfu tano. Chakula kitafuata utaratibu: meza kuu, watendaji, madalali, halafu mipango miji.

Mama, wewe usiondoke kwanza. Sogea huku pembeni. Nina ofisi naifungulia hapo juu, nataka mbele iwe kioo kitupu, kuanzia sakafuni mpaka darini. Wa hapa wananitajia bei za ajabu. Nikichangia kontena na wewe, mzigo unachukua muda gani? Miezi miwili? Na ukifika, hao vijana wako wa Kongo wanaweza kunipandishia mpaka ghorofa ya nne? Nauliza kwa sababu lifti haifanyi kazi.